Muvi Imeingiza Krori 300 Halafu Mnasema Imebuma? Ngoja Tuelewane Kwanza

Tangu Agosti 2025 kuna ubishi haujaisha vijiweni. Tarehe 14 mwezi ule zilitoka picha mbili za Kihindi kwa mpigo, War 2 ya Hrithik Roshan na NTR Jr, na Coolie ya mzee Rajinikanth, na miezi kadhaa kabla ya hapo ilikuwa ni tiza, trela, posta, nyimbo, mashabiki wanatukanana mtandaoni usiku na mchana. Siku ikafika, watu wakaenda, wengi wakarudi wamenuna. Sasa mmoja anakwambia War 2 imekusanya zaidi ya krori 300 dunia nzima, imebuma vipi? Mwingine anasema nyie hamjui tu, muvi za Kihindi ni za kuzima ubongo, ukianza kuuliza maswali umeshaharibu. Wa tatu ndo kabisa, anasema Bollywood imekufa, siku hizi ni South tu, yaani India ya kusini. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na kila mmoja amechanganya mambo, kwa hiyo twende mdogo mdogo.

Tuanze na hili neno masala. Filamu ya masala ni ile yenye kila kitu ndani yake: ngumi, mapenzi, mama analia, kichekesho, nyimbo tano sita, ndugu waliopotezana utotoni, adui mwenye roho mbaya isiyo na sababu, na mwisho haki inapatikana kwa mkono. Iliota mizizi Mumbai miaka ya 1970. Wengi wanaihesabu Yaadon Ki Baaraat ya 1973 kuwa ndo ya kwanza, ile ya ndugu watatu waliotawanyika halafu wimbo wa nyumbani kwao ndo unawakutanisha, kisha akaja Amitabh Bachchan na hasira zake kwenye Deewaar na Sholay, zote 1975, na Amar Akbar Anthony ya 1977. Wazee waliokuwa wanajazana Avalon na Empire pale Dar, au Majestic kule Unguja, wakisema "picha ya Kihindi" wanamaanisha hiyo.

La pili, hii "Kihindi" yenyewe. Sisi huku kila kitu tunaita Kihindi, lakini India haina kiwanda kimoja cha filamu. Bollywood ni Mumbai na lugha yao Kihindi. Hyderabad wanatengeneza za Kitelugu, Chennai za Kitamil, Bengaluru za Kikannada, na hizo tatu pamoja na za Kimalayalam za Kerala ndo watu wanaziita South. Baahubali na RRR ni za Kitelugu, KGF ni ya Kikannada. Zilitufikia zikiwa zimeingizwa sauti za Kihindi ndo maana hatukuona tofauti.

Na krori ni milioni kumi, yaani laki mia. Krori 300 za rupia ni rupia bilioni tatu. Hela nyingi, sikatai. Swali ni hela ya nani, na hapa ndo watu wengi wanapotea.

Chukua tiketi moja ya rupia 200. Ndani ya hiyo 200 kuna kodi ya serikali asilimia 18, ukiitoa inabaki kama 169. Ile 200 ndo inaitwa grosi, ile 169 ndo neti. Sasa mwenye jumba la sinema naye anakata chake, kwa makadirio ya kawaida kama nusu, kwa hiyo msambazaji anaondoka na 80 na ushee. Picha ikisemwa imefanya krori 300 grosi ndani ya India, hela iliyorudi upande wa walioitengeneza na kuinunua ni kama krori 125 hivi. Kama iligharimu krori 300 au 400 kuitengeneza na kuipigia debe, basi kilichobaki lazima kitoke kwingine: Netflix au Prime Video wamelipa kiasi gani, televisheni wametoa ngapi, nyimbo zimeuzwaje, nje ya India kumeingia nini. Hapo kikikosekana, hata posta iandike krori 300 kwa herufi za dhahabu, kuna mtu kalala na hasara.

Na hiyo posta nayo usiiamini sana. India hakuna ofisi moja rasmi inayohesabu mapato ya sinema nchi nzima na kuyakagua. Namba unazoziona zinatoka kwa watengenezaji wenyewe, ambao wana kila sababu ya kuzipamba, na kwa wafuatiliaji wa biashara ambao wanakadiria kila mmoja kivyake. Halafu mmoja anatangaza grosi ya dunia nzima, mwenzake anataja neti ya India, mashabiki wanachukua iliyo kubwa ya stelingi wao na iliyo ndogo ya stelingi wa wenzao na vita inaanza upya. Tena kuna tuhuma za muda mrefu kwamba wengine wananunua tiketi zao wenyewe kwa mafungu ili ionekane watu wamejaa. Ukiingia humo hutoki.

Mwenye hasara mara nyingi sio yule unayemfikiria. South hasa, picha inauzwa kwa wasambazaji wa kila eneo kabla haijatoka, kwa bei inayotokana na makelele. Yaani kadiri promo inavyokuwa kali ndivyo msambazaji anavyonunua ghali. Ikibuma, mtengenezaji alishachukua chake, stelingi alishalipwa, anayebaki analia ni yule wa katikati. Rajinikanth aliwahi kuwarudishia wasambazaji hela zao baada ya Baba ya 2002 kufanya vibaya, na mpaka leo inatajwa kama jambo la kiungwana kwa sababu halifanywi na wengi. Liger ya 2022, ile waliyomleta mpaka Mike Tyson, iliishia kwenye mzozo wa hadharani kati ya wasambazaji na director kuhusu fidia.

Sasa unaanza kuona kelele zina kazi gani. Promo haipo ili ikwambie muvi ni nzuri. Promo ipo ili ijaze wikiendi ya kwanza kabla watu hawajaambiana. Zamani haikuwa hivyo. Sholay ilipotoka tarehe 15 Agosti 1975 wiki za mwanzo wenye biashara yao waliiandika kuwa imefeli, kumbi hazikujaa kama walivyotegemea. Lakini haikuwa na pa kukimbilia, hakukuwa na video wala kustrimu, picha ilikaa sinema, aliyeiona akamwambia jirani, jirani akaenda, na ikaja kukaa zaidi ya miaka mitano kwenye jumba moja tu pale Bombay, Mumbai ya leo, jumba la Minerva. Mitano! Siku hizi picha kubwa inafunguliwa kwenye maelfu ya skrini siku moja, na baada ya wiki nne mpaka nane ipo kwenye simu yako. Hakuna muda wa jirani kumwambia jirani. Inabidi wote mwende Alhamisi na Ijumaa mkiwa hamjui chochote.

Mfano ambao kwangu unaeleza kila kitu ni Thugs of Hindostan. Diwali ya 2018, Aamir Khan na Amitabh Bachchan kwa mara ya kwanza wanaonekana pamoja kwenye skrini, Katrina Kaif yupo, meli mbili kubwa zimejengwa Malta kwa ajili ya kushuti tu, kampuni ni Yash Raj. Aamir kabla ya hapo alikuwa amefanya Dangal, picha ambayo iliingiza hela nyingi China kuliko hata India kwenyewe, kwa hiyo imani ya watu ilikuwa juu ya paa. Siku ya kwanza, Alhamisi tarehe 8 Novemba, ikapiga zaidi ya krori 50 neti, rekodi kwa picha za Bollywood wakati ule. Siku ya pili ikashuka karibu nusu. Jumatatu ikapata kama moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Siku nne za mwanzo zilileta kama krori 120 na mwisho wa safari yote ilikuwa kama 150 tu. Yaani walioenda wote walienda kabla hawajaambiwa, walipoambiwa hakuna aliyekwenda. Wakaipeleka China mwezi Desemba wakitegemea muujiza wa Dangal, na kule nako ikadondoka. Aamir mwenyewe akajitokeza akasema lawama zote ni zake na akawaomba radhi waliokwenda na matumaini, jambo ambalo mastaa wa daraja lake hawalifanyi kirahisi.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba za siku ya kwanza kama ushahidi kwamba muvi ni kali, anakuonyesha ushahidi kwamba promo ilikuwa kali. Ukitaka kujua habari ya muvi angalia Jumatatu.

Haya, hela tumemaliza. Twende kwenye lile ambalo mimi naona ndo kiini na watu wanalipuuza: kwanini muvi yenyewe inakera? Jibu rahisi linalotolewa ni kwamba zina chumvi sana, stelingi anapigwa risasi kumi anasimama, anarusha gari kwa teke, fizikia imekufa. Hili silikubali kabisa. Watu hao hao wanaolalamika gari limeruka walipiga miluzi kwenye RRR na kule mtu anarusha chui. Chumvi sio tatizo, masala bila chumvi ni nini?

Tatizo ni deni. Fikiria lile daftari la mangi pale dukani kwenu. Nusu ya kwanza ya picha ya masala nzuri ni adui anakopa. Anampiga mama wa watu, inaandikwa. Anachukua shamba, inaandikwa. Anamdhalilisha stelingi mbele ya mtoto wake na stelingi ananyamaza, inaandikwa na inapigiwa mstari. Wewe umekaa pale unajumlisha, unajumlisha, roho inakuuma, na siku stelingi anakuja kukusanya unataka achukue na riba. Akirusha gari kwa teke huoni gari, unaona deni linalipwa. Ndo maana ukumbi mzima unasimama.

Angalia RRR inavyofanya. Dakika za mwanzo kabisa kijijini, mtoto Malli anamchora mke wa gavana mkononi huku anaimba, wazungu wakampenda, wakatupa sarafu mbili chini wakamchukua. Mama yake akadhani zile sarafu ni zawadi ya wimbo. Alipoelewa kwamba amenunuliwa mtoto akakimbilia gari, askari akamlenga bunduki, na gavana Scott akamzuia askari, sio kwa huruma, anamwambia risasi hii imetoka Uingereza imegharimu hela, usiipoteze kwa mtu kama huyu. Basi mama akapigwa gogo la kichwa. Scene fupi tu. Lakini pale daftari limeandikwa kurasa tatu. Baadaye kidogo unamuona Bheem, stelingi aliyekuja kumfuata Malli, yuko msituni anahangaika kukamata mbwa mwitu, anakutana na chui milia, unaona jasho, unaona wavu unavyofungwa, hujui anawataka wa nini. Muda unapita, mnacheka, mnaimba, na inapokaribia mapumziko lori linavunja geti la jumba la gavana na wale wanyama wote wanarukia ndani ya sherehe na Bheem katikati yao. Hakuna hata mtu mmoja ukumbini aliyeuliza aliwafugaje. Na hapo deni bado halijalipwa lote, ile risasi ya Uingereza inakuja kumrudia Scott mwenyewe mwishoni.

Hata Sholay ni hivyo hivyo. Majambazi wamevamia siku ya Holi, bunduki ipo pale miguuni kwa mzee Thakur, mastelingi wawili aliowakodi, Jai na Veeru, wamebanwa, na mzee haiokoti, amesimama tu na shuka lake mabegani. Unamchukia. Halafu unaambiwa Gabbar, mkuu wa majambazi, alimfanya nini na familia yake, shuka linadondoka, kumbe mikono hana.

Sasa hizi zinazobuma zinafanya nini? Zinaanza na kukusanya. Dakika ya tano stelingi ameshaingia kwa mwendo wa taratibu, muziki unapasua masikio, watu 30 wanaruka hewani, na wewe unajiuliza hawa wamemkosea nini? Hakuna anayedaiwa. Dakika kumi tena anaingia upya kama vile hatujamuona. Wenzetu India wana jina la hizi scene, wanaziita elevesheni, yaani scene ya kumpandisha stelingi mabega juu, na baada ya Baahubali na KGF kulipa sana kila mtu akaamua kupika picha nzima ya elevesheni tupu. Waliiga malipo wakasahau mkopo. Thugs of Hindostan ilikuwa na ugonjwa wake mwingine wa ukoo huo huo: Aamir pale ni Firangi, tapeli anayegeuka upande kila baada ya nusu saa, mara yuko na Waingereza mara yuko na waasi, kiasi kwamba akimsaliti mtu huumii na akitubu hufurahi, kwa sababu unajua baada ya wimbo atageuka tena. Daftari linaandikwa linafutwa, linaandikwa linafutwa. Na Katrina kaletwa kucheza nyimbo, ukiondoa nyimbo sijui ungemkuta wapi.

Hapo sasa utaelewa na trela. Trela ni dakika mbili tatu za malipo matupu. Imechukua kila scene ambayo mtu analipwa ikazipanga juu ya ngoma kali, na akili yako yenyewe inajaza madeni: lazima huyu bwana alifanyiwa kitu kibaya sana kuwa na hasira hivi. Unaenda sinema kuona alifanyiwa nini. Hakufanyiwa kitu. Kwa hiyo trela kali haikudanganyi kwa kuonyesha kisichokuwepo, kila ulichokiona kipo ndani, tena mara nyingine ndo vyote vilivyopo.

Na pakiwa hakuna deni wanajaribu kuziba kwa sauti. Kanguva ya Suriya, Novemba 2024, picha ya Kitamil, mtayarishaji wake alikuwa anatamba kabla kwamba wanalenga krori 2,000. Elfu mbili! Haikufika hata robo ya hizo. Watu walitoka wanalalamika vichwa vinauma, makelele mwanzo mwisho, kila mtu anapiga yowe, mpaka mtayarishaji akawaomba wenye kumbi wapunguze sauti kwa pointi mbili. Baadaye wakaikata dakika kama 12. Jyothika, mke wa Suriya na yeye mwigizaji mkubwa, akaandika kumtetea mume, na ndani ya utetezi huo huo akakubali kwamba nusu saa ya kwanza haifanyi kazi na sauti inakera. Nilimheshimu kwa hilo. Na mwisho wake bado wakaleta sura mpya ya kukuandaa kwa sehemu ya pili, yaani hujalipwa ya kwanza unaombwa ukopeshe tena. Baahubali ya kwanza 2015 nayo ilikuacha njiani, Kattappa, mtumishi mwaminifu wa ukoo wa kifalme, kamuua Baahubali na hujui kwanini, lakini pale ulikuwa umeshampenda Kattappa, ulikuwa tayari kusubiri mpaka 2017 kudai jibu lako.

Kanguva pia inajibu wale wa "South hawabumi". Saaho ya Prabhas 2019, Liger 2022, Indian 2 ya 2024, Game Changer ya Ram Charan Januari 2025, zote ni mikono ya South na zote zilikuja na tarumbeta. Sikandar ya Salman Khan iliyotoka Idi ya 2025 ikawachosha hata mashabiki wake sugu ni ya Bollywood, ila director wake ni A.R. Murugadoss wa Kitamil, yule yule aliyemfanyia Aamir Ghajini ya 2008. Na ukigeuza upande wa pili, Jawan ya Shah Rukh Khan iliyovuka krori 1,000 mwaka 2023 imeongozwa na Atlee, naye Mtamil. Sisi huku tunapata za South zilizoshinda kwao kwanza, zile zilizofia njiani hakuna aliyehangaika kututafsiria, kwa hiyo ukihesabu ulizoziona lazima uone zote kali.

Kuna na wale wa "wakosoaji wamelipwa". Wapo wanaolipwa, kusifia na kukandia pia, hilo India kila mtu analisema. Desemba 2024 watayarishaji wa Kitamil walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Madras kutaka uhakiki uzuiwe siku tatu za kwanza, mahakama ikakataa. Siku tatu za kwanza, umeona? Hawakuomba wiki wala mwezi. Wanajua hela yao ipo wapi. Lakini mkosoaji hana nguvu ya kuua picha ya masala, nyingi zilizotukanwa na wakosoaji zikatoboa ni za masala. Anayeiua ni jamaa aliyetoka ukumbini akatuma voice note kwa wenzake saba.

Kwa sisi wa huku hasara ni ndogo, mkoa wenye sinema unahesabika na wengi tunazisubiri zishuke kwenye kustrimu au zitafsiriwe. Na hizi za kutafsiriwa zina mambo yake. Mtafsiri mzuri, iwe ni hawa wetu wa vibanda umiza au DJ Afro kule Kenya, akiona muvi haina sababu anaiwekea. Stelingi anashusha kipigo kwa watu ambao picha yenyewe haijatwambia ni akina nani, jamaa anakwambia huyo mwenye shati jekundu ndo aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yake, mwone sasa, mwone! Ukumbi unashangilia. Director hakuandika hilo deni, limeandikwa kibandani, kwenye maiki.